Tupeane uzoefu: mgonjwa wa Alzheimer anapopotelewa na maneno

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma mjini. Mama yangu amefundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yake yote. Alipofika miaka 56 akaanza kukwama katikati ya sentensi. "Nipe ile... ile ya kuchotea maji..." mpaka nimtajie: kata. Kumbukumbu ilikuwa nzima, anajua nani hajarejesha mkopo wa kikoba. Ndugu wakasema ana kiburi, wengine majini, wengine "mpelekeni Mirembe", kana kwamba jina la hospitali ya wagonjwa wa akili ni tusi. Iliniuma sana.

Tumezunguka karibu miaka miwili. Mwishowe daktari mmoja akamwambia arudie sentensi ndefu kama alivyoisikia. Yakarudi maneno matatu. Akatueleza kuwa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri polepole, ikianza kabla ya miaka 65, kwa baadhi ya watu hushika lugha kwanza, usahaulifu hufuata. Na si ya wazee peke yao: Auguste Deter, ambaye Alois Alzheimer aliueleza ugonjwa huu kwa kumchunguza, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51.

Kwenu ilianzaje?

Mdau wa Mpwapwa: Pole sana mkuu. Kwetu ni bibi, miaka 81. Yeye hakwami, anaongea vizuri tu, ila "mmekula?" utaulizwa mara kumi. Majina yakaja kupungua baadaye. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, wote "mnyama". Mlenda ukawa "mboga". Siku hizi Kiswahili kimemtoka, kimebaki Kigogo, na wajukuu waliokulia Dar wanadhani anaropoka. Mimi nikiingia na "Mbukwenyi!" uso wote unachangamka.

Mdau wa Kongwa: Baba alianza na miaka 61, naye kwa kukwama maneno kama mama wa mleta mada. Kosa letu tulikuwa tunammalizia sentensi. Tuliona ni msaada, kumbe tunamnyamazisha, akaacha kabisa kuongea wakati wa chakula. Sasa tunazima redio kwanza. Nashika kikombe, namwangalia, nauliza "Chai?" Halafu nasubiri, hata dakika nzima. Juzi akasema "uji". Nilienda kulia jikoni.

Mleta mada: Asanteni. Hilo la kummalizia sentensi ndilo nalifanya kila siku, Mungu anisamehe. Mdau wa Mpwapwa, mama naye ni Mgogo ila nyumbani tumezoea Kiswahili. Kigogo changu ni cha salamu tu. Wewe na bibi, baada ya salamu mnaongea nini?