Mrejesho: Canal du Midi kwa baiskeli

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama tairi za upana wa milimita 40 zingefaa njia ya kando ya Canal du Midi, mfereji wa mashua kusini mwa Ufaransa, Toulouse hadi Sète, kilomita kama 240. Zimefaa kabisa. Kutoka Toulouse hadi bandari ndogo ya Port-Lauragais ni lami tupu. Baada ya hapo ni udongo, na mizizi ya miplatani, ile miti mikubwa ya kivuli kando ya mfereji, imetuna njiani kama mishipa ya mkono wa mzee. Aliyenishauri nipunguze upepo wa tairi, ubarikiwe: viganja vilishaanza kufa ganzi. Kilichoniuma ni pale miti ilipokatwa kwa ugonjwa wa kuvu. Jua linakupiga utosini, kwa hiyo bebeni maji. Asubuhi moja karibu na Le Somail nilisikia tairi zangu tu, na bata majini.