Wakuu, naomba ushauri: maji hayafiki shambani kwangu

Jaruba Kavu: Wakuu salaam. Nalima mpunga Bahi, ekari mbili, mkiani kabisa mwa mfereji. Mpunga una mimba, mvua imekata mapema na mto Bubu unashuka kila siku. Zamu yangu ni Jumatano usiku. Wiki hii nimekesha na tochi mpaka saa tisa, maji yakaja ya kulowesha kandambili tu. Wa juu wametoboa matuta, wakajifungulia. Leo nimeingiza kidole kwenye ufa wa jaruba, kimezama hadi pingili ya pili. Swali: mtu akiweka pampu ya inchi tatu juu ya banio, pale maji yanapoingilia mferejini, akavuta maji yake, kuna tatizo?

Mzee wa Zabibu: Tatizo ni mpunga. Dodoma hii mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nanyi mmeng'ang'ania zao la kusimama majini. Mimi hapa Hombolo nina ekari ya zabibu, nimetandika mipira ya matone, nalala. Vipando vipo.

Binti Kongwa: Babu, kaulizia pampu. Mkuu, kuchota ya nyumbani hakuna shida. Ya kumwagilia lazima kibali cha bodi ya maji ya bonde, Sheria Na. 11 ya 2009. Ninyi mko Bonde la Kati, ofisi zao zipo Singida. Halafu "mtu akiweka", au ameshaweka?

Jaruba Kavu: Nimeshainunua tu. Na kufuata kibali Singida mpunga wangu utasubiri?

Nilikuwa Mbarali: Hayo nimeyaona Usangu, kule Mbeya. Kila mtu na kamfereji kake, "kadogo tu". Mto Ruaha Mkuu ukaanza kukauka kiangazi kule hifadhini tangu 1993, na huko chini kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanasubiri maji hayohayo. Mimi mwenyewe nilikuwa na kamfereji. Siku moja jirani wa chini alikuja na jembe begani, hakusema neno, akakaa tu kwenye tuta langu mpaka jua likazama. Niliziba.

Binti Kongwa: Mkuu, katikati ya msimu, mbolea umeshaweka, vibarua umeshalipa. Hela ya pampu imetoka wapi?

Jaruba Kavu: Si lazima niseme.

Binti Kongwa: Basi si lazima tushauri.

Jaruba Kavu: Haya. Mimi ndiye mweka hazina wa skimu yetu ya umwagiliaji. Nimekopa kwenye ada ya maji, laki nne na nusu. Narudisha nikivuna, daftarini nimeandika kwa penseli. Wao wananiibia maji, mimi nimeazima hela, nani mwizi? Na imesaidia: jana usiku masaa mawili tu, ekari zote mbili zikajaa.

Mama Askofu: Mwanangu, hela ya watu ina macho. Irudishe leo, hata kwa kuuza mbuzi.

Fundi Mita: Hii chai, tena ya rangi. Pampu ya inchi tatu ikijitahidi sana inatoa mita za ujazo 60 kwa saa. Ekari mbili ni mita za mraba 8,000 na ushee. Kina cha sentimita 10 ni mita za ujazo 800. Hapo ni zaidi ya masaa 13. Wewe mawili? Mleta mada hajawahi kushika hata mpini wa jembe.

Nilikuwa Mbarali: Eeh, na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Jaruba Kavu: Chai gani, miguu yangu bado ina tope. Sawa, hazikujaa. Niliwasha saa mbili usiku, nikazima alfajiri petroli ilipoisha. Sina mpira wa kufika kwangu, nikawa namwaga mferejini. Kutoka banio hadi shambani ni mwendo wa nusu saa. Asubuhi majaruba ya juu yanang'aa kama mabati mapya. Kwangu udongo umebadilika rangi tu.

Fundi Mita: Hiyo naiamini.

Mzee wa Zabibu: Kwa hiyo hela ya ada imewamwagilia wenye ada. Mweka hazina mwaminifu kuliko wote niliowahi kusikia.

Jaruba Kavu: Cheka tu mzee. Mkutano ni Jumamosi na mwenyekiti ameomba daftari. Niseme mwenyewe kabla hawajauliza, au niuze pampu kwanza?

Binti Kongwa: Sema. Na upeleke pampu palepale mkutanoni, ndiyo mali yao.

Mzee wa Zabibu: Wakiamua kuiuza, laki tatu ninazo.