Kununua viungo (linki) au kuandika makala za wageni: njia ipi huinua tovuti kwenye Google?

Muulizaji: Ndugu zangu, naendesha tovuti ya safari za Kilimanjaro. Je, ninunue viungo, yaani linki za tovuti nyingine zinazoelekeza kwenye yangu, au nizipate kwa kuandika makala katika blogu za wengine?

Jibu la kwanza: Usinunue, ndugu. Google ilianzisha Penguin, mfumo wake wa kupanga matokeo ya utafutaji, Aprili 2012 ili kukabiliana na viungo vya hila, na tangu 2019 kiungo kilicholipiwa kina alama yake maalumu katika msimbo (code) wa ukurasa.

Jibu la pili: Naunga mkono. Makala za wageni hufaa pale blogu inaposomwa na wapanda milima wenyewe. Hata hivyo, ningetanguliza mwongozo kamili wa njia za Machame na Marangu, kisha niwaandikie wenye tovuti ambazo viungo vyake vya zamani havifunguki tena, nikiwapendekezea mwongozo huo badala yake.

Muulizaji: Ahsanteni, nitaanza na Machame.