Mmisionari kijana anakuja Masasi, tumwandalie nini?

Wakuu, parokia yetu inapokea mmisionari kijana kutoka Ujerumani Januari, mvua zikiwa zimekolea. Maji na malaria vinanipa wasiwasi.

Jibu 1: Chandarua chenye dawa, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kama kaandikiwa doksisaiklini (dawa ya kukinga malaria), miligramu 100 kila siku, ameze na chakula na glasi nzima ya maji, asilale papo hapo: kidonge kikinasa kinaunguza koo. Akishaondoka aendelee wiki 4. Hapo ndipo wengi hukatisha.

Jibu 2: Maji yatokote kabisa dakika 1, yapoe yamefunikwa. Tumieni ndoo yenye koki. Kuchota kwa kikombe kunarudisha uchafu wa mikono.

Jibu 3: Kibali cha ukaazi daraja C kianze kushughulikiwa sasa, ndugu yangu. Na afundishwe shikamoo mapema.