Binti anakwenda bweni Januari: pedi za dukani, za kufua au kikombe?

MamaWawili_Moro: Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 13, amevunja ungo mwezi wa sita, na Januari anaanza kidato cha kwanza bweni. Nimpakie pedi za dukani, za kufua, au kikombe cha hedhi, kile laini kinachoingizwa ukeni kukinga damu? Mimi nilitumia vipande vya khanga, naijua hofu ya kuitwa ubaoni ukiwa umelowa. Sitaki aipitie.

NesiMstaafu: Hongera mama kwa kuwaza mapema. Piga hesabu kwanza. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Siku tano za damu zinamaliza pedi 20 na kitu, yaani pakiti tatu za nane nane kila mwezi. Hapa Tanzania VAT ya taulo za kike iliondolewa 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa, kwa hiyo bei ndiyo hiyo. Na kwa umri wake mzunguko bado haujatulia, siku 21 hadi 45 ni kawaida. Asitegemee kalenda, pedi mbili zikae begini kila siku.

BintiTanga: Mimi nilisoma bweni na za kufua. Hazichubui mapaja kabisa. Shida ni maji, dada. Tulikuwa na ndoo moja kwa siku, na kamba ya kuanikia ipo mbele ya bweni, kila mtu anaona. Nikawa nazianika chini ya khanga, zinabaki na unyevunyevu, nikawashwa wiki nzima. Zile lazima zipigwe na jua. Na aroweke kwa maji baridi, ya moto yanagandisha doa. Muulize matroni: maji yapo? Wanaanika wapi?

Cheptoo_Eldy: Huku Kenya tunaziita sodo, na tangu 2017 sheria inataka msichana wa shule ya umma apewe bure. Mimi niko na kikombe mwaka wa nne. Unachemsha dakika tano hivi kabla ya hedhi na baada yake, na kimoja kinaweza kudumu hata miaka kumi. Lakini mara ya kwanza nilihangaika chooni nusu saa, kimekataa kufunguka. Kama mtoto anakitaka mwenyewe, ajifunzie nyumbani likizo, si bweni.

Mama_Kigamboni: Samahani, hicho kikombe hakimtoi bikira?

NesiMstaafu: Hapana mama. Bikira ni ambaye hajawahi kujamiiana. Utando wa ukeni unaweza kuvutika au kuchanika, hata kwa michezo. Kama moyo wako hautulii, mpe pedi, hakuna ubaya. Tumbo likimkata, ibuprofeni baada ya kula, kama hana pumu wala vidonda vya tumbo, na chupa ya maji ya moto chini ya kitovu. Ila akilowesha pedi kila saa moja au mbili, au damu ikipita siku saba, jamani tusimwambie avumilie. Hospitali, apimwe wingi wa damu.

MamaWawili_Moro: Asanteni sana. Nimeongea na matroni: bomba linatoa maji, lakini kamba ni hiyohiyo ya mbele ya bweni. Basi nampakia pakiti tisa na chupi nyeusi tatu, za kufua azitumie likizo. Mwenyewe ameomba kipochi chenye zipu cha kuwekea pedi. Kesho nakwenda kwa fundi.