Naomba ushauri: kumfuata mume wangu Ujerumani

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Mume wangu anafanya kazi Ujerumani, ila si raia wa huko. Ndoa ni halali na cheti ninacho. Kuna mtu anamshawishi niende kwa viza ya matembezi, kibali tuombe nikishafika. Wengine wanasema bila cheti cha Kijerumani sipati kitu. Nimechanganyikiwa, na kuishi mbalimbali kumenichosha. Nianzie wapi?

Mpitanjia: Pole sana dada. Hiyo ya matembezi achana nayo kabisa. Ni ya siku 90, na kwa kawaida haigeuzwi kuwa kibali ukiwa kulekule. Utaambiwa urudi ukaombe upya. Omba viza ya kitaifa, ile ya D, ya kuungana na familia. Shemeji ana kibali gani? Mengi yanategemea hapo.

Mleta mada: Ana Blue Card, kibali cha Umoja wa Ulaya cha wataalamu wa kigeni.

Mama Wawili: Basi mwanangu una nafuu! Tangu 2007 wenza wengi wanadaiwa cheti cha A1, yaani Kijerumani cha ngazi ya kwanza, lakini mke wa mwenye Blue Card amesamehewa. Kijerumani anza hata hivyo, kitakufaa ukifika, maana kibali chako kitakuruhusu kufanya kazi. Ila ujue ubalozi hauamui peke yake. Faili linapelekwa ofisi ya wageni ya mji anaoishi mumeo, na hapo ndipo miezi inapopotea. Ofisi ile inaweza kumwandikia barua ya posta kudai mkataba wa kazi au karatasi za mshahara. Jina lake lisipobandikwa kwenye kisanduku cha barua, tarishi anairudisha. Mwambie akaangalie leo.

Mpitanjia: Na majina, dada. Linganisha cheti cha ndoa, cha kuzaliwa na pasipoti, herufi kwa herufi. Mkihojiwa kuhusu ndoa semeni ukweli. Wanaweza kuwahoji wote wawili kwa wakati mmoja, kila mtu aliko.

Mleta mada: Mungu awabariki. Nimeangalia sasa hivi: kwenye cheti cha ndoa jina langu la kati limeandikwa herufi moja tu, kwenye pasipoti liko kamili. Nirekebishe kwanza ndipo niombe miadi ubalozini?

Mama Wawili: Hapana, miadi omba leo, foleni ni ndefu. Kwa msajili nenda kesho, marekebisho yafanyike huku unasubiri zamu yako.