Ripoti ya Kiingereza: je, "fishermen" inawabeba na akina mama wa mwaloni?

Katibu wa kikundi, Ujiji

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa ripoti ya Kiingereza kwa wafadhili wa kikundi chetu cha uvuvi, na rasimu ya kwanza imerudishwa ikiwa imepigiwa mistari kwenye "fishermen", "chairman", na kila mahali nilipoandika "he" nikimaanisha mwanachama yeyote. Mwenyekiti wetu ni mama, na wanachama wengi ni akina mama wanaonunua dagaa alfajiri mitumbwi inaporudi, kisha wanawaanika kwenye chanja na kushinda juani wakiwageuza. Katika Kiswahili sipati shida, kwa kuwa mvuvi ni mvuvi, awe mume au mke. Je, niandike "he or she" katika kila sentensi, au "they" inakubalika kwa mtu mmoja bila kuonekana kwamba sijui sarufi?

Mwalimu mstaafu, Kasulu

Mwanangu, sisi tulifundishwa kwamba "he" inabeba wote, na hiyo haikuwa desturi ya darasani tu, kwani sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1850 ilitamka kwamba maneno ya kiume katika sheria yahesabiwe kuwa yanawajumuisha wanawake pia. Kwa hiyo sioni kosa lako. Ninachochelea zaidi ni hiyo "they", kwa sababu msomaji atadhani unazungumzia watu wengi.

Mhariri, Kigoma Mjini

Shikamoo Mwalimu. Uliyosema kuhusu sheria ile ni kweli, lakini Waingereza wenyewe wameiacha njia hiyo: mwaka 2007 serikali yao iliamua kwamba miswada iandikwe kwa lugha isiyoegemea jinsia moja. "They" ya mtu mmoja nayo si uzushi wa vijana, kwani inapatikana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi unafuatwa na vyuo vingi, kiliiidhinisha katika toleo la 2019. Kitenzi chake hubaki "are" hata kama mtajwa ni mmoja.

Ndugu Katibu, mara nyingi hutaihitaji hata hiyo. Ihamishie sentensi kwenye wingi: "a member must pay his fees" iwe "members must pay their fees", na shida imekwisha. Badala ya "fishermen" andika "fishers", kama FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wanavyofanya katika mwongozo wao wa uvuvi mdogo wa mwaka 2014, ambao pia unawataja "fish workers", yaani wanaochakata na kuuza samaki. Hapa nakuomba uwe makini sana. Akina mama wa chanja hawaendi ziwani, kwa hiyo "fishermen" inawafuta mara mbili, kwa jinsia yao na kwa kazi yao, na mfadhili ambaye hajawahi kufika mwalo wa Katonga atapanga fedha za nyavu na injini bila kufikiria chanja wala maghala ya dagaa.

Mazoea haya ya kutumia neno la kiume kwa watu wote yalikuwa na nguvu kweli. Mwaka 1960, hapa hapa Gombe, Jane Goodall alipowaona sokwe wakitengeneza vijiti vya kunasia mchwa, Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu aliyemtuma huko, alisema kwamba sasa itabidi kufafanua upya maana ya zana, au ya "man", ama kuwakubali sokwe kuwa binadamu, na kwa "man" alikusudia binadamu wote, ilhali aliyegundua jambo lenyewe alikuwa mwanamke.

Mwanasheria, Kibirizi

Naongezea mawili. Mwenyekiti wenu ukimtaja kwa cheo, andika "chairperson" au "chair", lakini ukimtaja kwa jina, andika "she" bila wasiwasi, maana anajulikana na hakuna sababu ya kumficha. Pili, hofu ya Mwalimu ina msingi katika mikataba ya mikopo: penye mkopaji na mdhamini katika kifungu kimoja, "they" huacha mwanya wa kubishana ni nani anayedaiwa, kwa hiyo rudia "the borrower" au "the guarantor" kila inapobidi, hata kama sentensi itarefuka.